Chembe Ijuayo pa Kuishia

Mwaka 1946 jarida la Radiology la Marekani lilichapisha makala fupi ya mtu ambaye hakuwa daktari. Robert R. Wilson alikuwa mwanafizikia wa miaka 32, na mwaka mmoja tu nyuma alikuwa Los Alamos, kwenye nyanda kame za New Mexico, akiongoza idara ya utafiti ya mradi uliounda bomu la atomiki. Vita vilipokwisha alipewa kazi ya kusanifu saiklotroni ya Chuo Kikuu cha Harvard, yaani mashine inayozungusha chembe za atomu ndani ya sumaku kubwa mpaka zipate kasi ya ajabu. Swali lililomkalisha mezani halikuhusu ugonjwa wowote. Alitaka kujua ukuta wa kuwakinga wafanyakazi wa mashine hiyo uwe mnene kiasi gani. Akapiga hesabu ya umbali ambao protoni inaweza kwenda ndani ya kitu kabla ya kuishiwa nguvu, na hesabu hiyo ikampeleka mbali na ukuta.

Aliona kwamba protoni haipungui nguvu kidogo kidogo hadi kufifia. Inakwenda, inakwenda, kisha karibu na mwisho wa safari inamwaga nguvu yake kwa ghafla na kusimama. Wanafizikia walikuwa wanalijua hilo kuhusu chembe nzito tangu 1904, pale William Henry Bragg alipochunguza mionzi ya radiamu mjini Adelaide, Australia. Kilele kile cha mwishoni bado kinaitwa kwa jina lake. Wilson alichofanya ni kuacha kuwaza zege na kuanza kuwaza nyama. Kama chembe ina mahali pa kuishia, na mahali hapo hupangwa kwa kuongeza au kupunguza kasi yake, basi uvimbe ulio ndani kabisa ya mwili unaweza kufikiwa, na kilicho nyuma yake kisiguswe.

Ili kuona uzito wa wazo hilo inabidi kukumbuka jinsi tiba ya kawaida ya mionzi inavyofanya kazi. Eksirei zinazotumika katika hospitali nyingi ni aina ya nuru. Zikiingia mwilini huacha nguvu nyingi sentimita chache tu chini ya ngozi, huendelea kuiacha njia nzima, hupita uvimbe, na zilizobaki hutokea mgongoni. Ni daladala inayoshusha abiria tangu kituo cha kwanza, na ikifika mwisho wa njia bado inaendelea na watu ndani. Protoni huwabeba abiria wake wengi hadi kituo cha mwisho, huwashusha wote hapo, na gari haliendi tena. Haina maana kwamba njiani hashuki mtu. Wapo, na ngozi na misuli ya mbele ya uvimbe hupata sehemu yao. Tofauti kubwa iko nyuma ya uvimbe, ambako protoni huacha karibu sifuri.

Sababu yake haina uchawi. Protoni ni kiini cha atomu ya hidrojeni, ina uzito na ina chaji ya umeme. Inapopita kwa kasi kati ya atomu za mwili haipati muda wa kuzisumbua sana. Kadiri inavyopunguza mwendo ndivyo inavyokaa muda mrefu karibu na kila elektroni na kuipa nguvu nyingi zaidi, na kadiri inavyotoa nguvu ndivyo inavyozidi kupunguza mwendo. Protoni ya elektronivolti milioni 230 huanza na kasi inayozidi nusu ya kasi ya nuru na husimama baada ya takriban sentimita 32 za maji, kina kinachotosha kufika popote katika mwili wa mtu mzima. Uvimbe ukiwa mnene, mafundi hupanga protoni za nguvu mbalimbali, tabaka juu ya tabaka, mpaka uvimbe wote ufunikwe.

Miaka mingi baadaye Wilson aliandika kwamba huenda, bila mwenyewe kujua, wazo lile lilikuwa namna yake ya kutubu kwa mkono aliotia katika bomu. Msomaji wa Likasi au Lubumbashi ana haki ya kuisikia toba hiyo kwa sikio lake. Sehemu kubwa ya urani ya mradi ule ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, katika nchi ambayo Kiswahili ni lugha ya mgodini, ya sokoni na ya nyumbani. Na kabla urani haijawa na bei, mawe hayohayo yalitafutwa kwa sababu ya radiamu iliyomo ndani yake: kuanzia 1922 kiwanda cha Olen, Ubelgiji, kilisafisha madini ya Katanga na kuuza radiamu iliyotumika kutibu saratani katika hospitali za nchi tajiri. Leo Kongo inaongoza duniani kwa kutoa kobalti, madini ambayo yakikaa ndani ya kinu cha nyuklia hugeuka kobalti-60, moyo wa mashine za mionzi ambazo hospitali za Afrika zimezitegemea kwa miongo mingi. Historia ya tiba hii imepita Katanga mara tatu, na kila mara imepita ikibeba kitu na kuondoka nacho.

Wazo la Wilson lilichukua miaka minane kumfikia mgonjwa. Mwaka 1954, huko Berkeley, California, wanawake wenye saratani ya matiti iliyokwisha kusambaa walielekezewa protoni, si kwenye titi bali kwenye tezi ya pituitari chini ya ubongo, ili kuzima homoni zilizokuwa zikiulisha ugonjwa. Uppsala, Sweden, ikafuata mwaka 1957. Mwaka 1961 wapasuaji wa ubongo wa Boston wakaanza kuitumia saiklotroni ya Harvard, ileile ambayo Wilson alikuwa ameanza kuisanifu. Kisha mambo yakaenda kwa mwendo wa kobe. Kuwa na chembe ijuayo pa kuishia hakusaidii sana kama daktari mwenyewe hajui uvimbe unaanzia wapi na unaishia wapi. Ni pale mashine za CT, zinazopiga picha za ndani ya mwili, zilipoingia hospitalini, miaka ya 1970, ndipo madaktari walipopata ramani inayolingana na silaha waliyokuwa nayo.

Jicho lilitangulia. Kuna saratani ya melanoma inayoota ndani ya jicho, kwenye tabaka lenye mishipa ya damu nyuma ya retina, na tiba iliyozoeleka ilikuwa kuling'oa jicho lenyewe. Tangu 1975 wagonjwa wa Boston walianza kupelekwa Harvard. Kwanza daktari wa macho hushona vijiduara vya madini ya tantali kwenye ukuta wa nje wa jicho, kuuzunguka uvimbe, ili vionekane kwenye picha ya eksirei. Mgonjwa huketishwa kitini, barakoa iliyofinyangwa kwa uso wake ikimshika kichwa, meno yameuma kibao, na macho ameyakaza kwenye kijitaa kimoja. Mwale hupita kwa dakika moja au mbili. Hurudi kesho, na kesho kutwa, na kwa siku nne au tano kazi imekwisha. Kwa wagonjwa takriban 95 katika kila 100 uvimbe haukui tena pale ulipokuwa. Jicho hubaki mahali pake. Uwezo wa kuona si mara zote, hasa uvimbe ukiwa umekaa jirani na mshipa wa fahamu wa jicho. Saiklotroni ile ya mwaka 1949, iliyojengwa kwa ajili ya fizikia, ilizimwa mwaka 2002 ikiwa imetibu watu zaidi ya 9,000.

Hapa inafaa kutulia kidogo, kwa sababu habari za namna hii zikifika Afrika Mashariki hufika zikiwa nusu. Melanoma ya ndani ya jicho ni ugonjwa wa watu wenye ngozi nyeupe kwa kiasi kikubwa. Katika kliniki zetu za macho ni nadra. Saratani ya jicho inayoua huku ni retinoblastoma, ya watoto wadogo, na dalili yake ya kwanza mara nyingi ni mboni inayong'aa nyeupe mama anapomtazama mtoto gizani au anapompiga picha kwa mwanga wa simu. Mtoto huyo akifikishwa mapema kwa daktari anayeijua, huokoka, mara nyingi kwa dawa, kwa leza, au kwa kulitoa jicho moja. Akicheleweshwa kwa miezi sita ya matone ya duka la dawa, hakuna saiklotroni ya kumrudisha.

Hospitali ya kwanza duniani kujijengea mashine yake ya protoni, yenye nguvu ya kufika kila kiungo, ilikuwa ya Chuo Kikuu cha Loma Linda, California, mwaka 1990. Ni chuo cha Waadventista Wasabato, kanisa ambalo Kisii na Mara halihitaji utambulisho. Daktari James Slater ndiye aliyeisukuma kazi hiyo kwa miaka, na mashine yenyewe, sinkrotroni, ilibuniwa na kuundwa Fermilab, maabara ambayo mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa Robert Wilson. Kabla ya hapo wagonjwa walikuwa wageni katika nyumba za wanafizikia, wakipangiwa saa ambazo majaribio yamepumzika. Loma Linda iliwapa nyumba yao. Humo kuna gurudumu la chuma lenye urefu wa jengo la ghorofa tatu na uzito wa karibu tani 100, linalomzunguka mgonjwa aliyelala ili mwale umwingie kutoka upande wowote. Yeye haoni gurudumu. Anaona chumba safi, kitanda, na pua ya mashine ikimsogelea.

Siku ya matibabu, sehemu kubwa ya muda huenda katika kulaza. Mafundi hupiga picha, husogeza kitanda kwa milimita, hupiga tena. Mwale wenyewe hauna sauti wala joto wala harufu. Watu wazima husema hawakusikia kitu. Watoto wadogo hulazwa usingizi wa dawa kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa wiki sita, kwani hakuna mtoto wa miaka mitatu atakayetulia kama jiwe kwa kuambiwa.

Na watoto ndio hasa wenye hoja. Chukua medulloblastoma, saratani inayoota nyuma ya ubongo, kwenye serebelamu. Baada ya kuutoa uvimbe kwa upasuaji, daktari hulazimika kupiga mionzi ubongo wote na uti wa mgongo wote, kwa sababu seli za ugonjwa huo huelea katika maji yanayouzunguka uti. Eksirei zikiingia kwa mgongoni hutokea kwa mbele: zinapita tezi ya shingo, moyo, mapafu, ini, utumbo, na kwa msichana pengine ovari. Mtu wa miaka 70 anaweza kuliishi hilo deni bila kulilipa. Mtoto wa miaka 6 ana miaka 60 mbele yake ya kudaiwa: moyo unaochoka mapema, homoni zinazopungua, saratani ya pili inayozaliwa na tiba ya kwanza. Protoni husimama kwenye mifupa ya uti wa mgongo. Mwaka 2016 Torunn Yock na wenzake wa Boston walichapisha katika Lancet Oncology matokeo ya wagonjwa 59 wa medulloblastoma waliotibiwa hivyo. Walipona kwa kiwango kinachofanana na cha waliopata eksirei, ila hayakuonekana madhara ya baadaye ya moyo, ya mapafu wala ya tumbo. Usikivu wa baadhi yao uliharibika hata hivyo, na akili pia ilipata mzigo wake, maana ubongo wenyewe ulikuwa ni lazima upigwe. Protoni haiwezi kuiepuka sehemu ambayo daktari anataka ipigwe.

Mwaka 2014 ugonjwa huohuo uliiweka Uingereza nzima mbele ya televisheni. Wazazi wa mvulana wa miaka 5, aliyekuwa ametoka kufanyiwa upasuaji Southampton, walitaka protoni. Wakati huo nchi ilikuwa na mashine ya macho tu, kule Clatterbridge, tangu 1989. Kwa magonjwa mengine, watoto waliokidhi vigezo walipelekwa Marekani kwa fedha za umma, kwa utaratibu ulioanza 2008. Kwa mtoto huyu madaktari waliona protoni hazingemwongezea kitu. Wazazi wakamchukua wodini bila kuaga, wakavuka kwa feri hadi Ufaransa, wakateremka mpaka kusini mwa Hispania ambako walikuwa na nyumba waliyokusudia kuiuza ili walipie tiba mjini Prague. Hati ya kukamatwa ikatolewa. Wazazi wakalala rumande mjini Madrid huku mtoto akiwa hospitalini Málaga bila wao. Hasira ya umma ikawa kubwa, wakaachiwa, jaji wa London akaruhusu safari, na Prague wakamtibu. Miaka kadhaa baadaye familia ilitangaza kuwa amepona.

Kila upande ulijitwalia kisa hicho kama ushahidi. Hakithibitishi mengi. Watoto wengi wenye ugonjwa ule hupona kwa eksirei, na kupona kwa mmoja hakumpi ushindi mzazi wala daktari katika hoja ya kitabibu. Kinachoonekana wazi ni jingine: mzazi aliyesikia kwamba ipo tiba inayouhurumia mwili wa mwanawe, na ambaye hakuelezwa vya kutosha kwa nini haimfai, atauza nyumba. Katika nchi hizi angeuza kiwanja, shamba la korosho, ng'ombe. Uingereza ilikuwa imekwisha kuamua kujenga vituo viwili vyake kwa takriban pauni milioni 250; cha Manchester kikaanza kutibu Desemba 2018, cha London Desemba 2021. Sasa watoto hao hawavuki bahari.

Wapo wanaoisimulia protoni kana kwamba ni risasi isiyokosa. Wataalamu wake wenyewe hawasemi hivyo. Kompyuta hukisia mahali pa kusimama kwa kusoma picha ya CT, lakini mfupa, mafuta, hewa na maji kila kimoja huizuia protoni kwa kiwango chake, na makisio yana kosa la asilimia chache. Kwenye kina cha sentimita 20 kosa hilo ni milimita kadhaa. Uvimbe unaweza kusinyaa wiki ya tatu. Mgonjwa hukonda. Uwazi wa nyuma ya pua uliokuwa na hewa Jumatatu hujaa kamasi Alhamisi, na protoni iliyopangiwa kusimama hapa ikasimama kabla. Eksirei ingesamehe makosa hayo kwa kuwa hupita tu. Protoni haisamehe, maana inaweza kuacha kipande cha uvimbe bila kukigusa au kumwaga nguvu yake yote kwenye shina la ubongo. Ndiyo maana kituo kizuri cha protoni hujulikana kwa wanafizikia wake na kwa picha wanazorudia, kabla ya kujulikana kwa mashine yake.

Halafu kuna pesa, na pesa ilipoingia ikaipeleka protoni mahali ambapo Wilson hakupawaza: kwenye tezi dume. Kituo kikubwa chenye vyumba kadhaa hugharimu zaidi ya dola milioni 100. Mkopo wa namna hiyo haulipwi na watoto wachache wenye uvimbe wa ubongo. Unalipwa na wanaume wenye umri, wenye bima, wenye ugonjwa wa kawaida, wanaoweza kutibiwa haraka haraka mmoja baada ya mwingine. Marekani ikawa na wengi. Waliotibiwa Loma Linda wakaunda hata umoja wao, wakajiita Undugu wa Puto, kwa sababu kila siku kabla ya mwale puto lenye maji liliingizwa kwenye njia ya haja kubwa ili tezi isicheze. Walisifu, waliandika, waliwashauri wenzao, na kwa moyo mweupe kabisa; mtu aliyepona bila kupoteza nguvu za kiume wala kulowesha suruali ana haki ya kushukuru. Ila shukrani ya aliyepona haisemi angekuwaje angetibiwa kwa njia nyingine.

Jibu lilichelewa mno. Utafiti uitwao PARTIQoL uliwagawa wanaume 450 kwa kura, nusu protoni na nusu eksirei za kisasa. Mwaka 2024 matokeo yalisomwa hadharani: saratani ilidhibitiwa sawasawa, na afya ya haja kubwa, mkojo na tendo la ndoa haikutofautiana kwa namna ya maana. Zaidi ya miaka thelathini ya matangazo ilikuwa imepita. Kufikia wakati huo baadhi ya vituo vilikuwa vimefilisika, kimojawapo kikiwa cha San Diego kilichofunguliwa 2014 na kuomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai miaka mitatu baadaye. Ni aibu kwa nchi tajiri kuliko zote kujenga kwanza na kupima baadaye, na itakuwa aibu mara mbili kwa nchi maskini kuiga.

Si kwamba watu wazima hawana lao. Kwenye fuvu la kichwa, karibu na shina la ubongo, kuna vimbe kama kordoma ambazo protoni zimekuwa tegemeo kwa miaka mingi. Umio ni mfano wa kutazamwa kwa makini, hasa na wasomaji wa Bonde la Ufa na wa mikoa ya kaskazini mwa Tanzania, ambako saratani ya umio imezika watu wengi, wakiwemo vijana. Jaribio lililofanyika Houston na kuchapishwa 2020 lilipima jumla ya madhara ya tiba kwenye moyo, mapafu na baada ya upasuaji; waliopata eksirei walibeba mzigo zaidi ya mara mbili ya waliopata protoni. Uhai wao haukutofautiana. Daktari mwaminifu ana wajibu wa kuzisema sentensi hizo mbili pamoja.

Afrika haikuwa nje ya hadithi hii. Maabara ya iThemba, nje kidogo ya Cape Town, ilianza kutibu kwa protoni mwaka 1993, miaka mitatu tu baada ya Loma Linda na miaka ishirini na mitano kabla ya Manchester. Saiklotroni yake ilifanya kazi tatu: fizikia, utengenezaji wa dawa za kinyuklia, na wagonjwa waliopewa zamu. Mwale ulikuwa mmoja, umelala mlalo, hauna gurudumu. Mgonjwa ndiye aliyegeuzwa, kamera zikimfuatilia. Watu zaidi ya 500 walitibiwa, wengi wao wakiwa na ugonjwa wa kichwani. Tiba hiyo ilisimama katika miaka ya 2010, na tangu hapo, kusini mwa Sahara, anayehitaji protoni hupanda ndege.

Lakini ni nani anayezihitaji, kati ya wanaopanga foleni asubuhi? Mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi ya Uganda, ya kobalti, iliyofungwa Mulago mwaka 1995, ilikufa isitengenezeke tena. Nchi nzima ikawa haina. Wagonjwa kutoka Rwanda, Burundi na Sudan Kusini nao waliitegemea. Wenye uwezo walikuja Nairobi, wengine walisaidiwa kuja, na wengi walibaki na dawa za maumivu hadi mashine mpya ilipozinduliwa mapema 2018. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lilipoanzisha mpango wake wa Miale ya Matumaini mwaka 2022, lilisema zaidi ya nchi 20 za Afrika hazikuwa na mashine hata moja. Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, katika majengo ya Wajerumani ya karne ya kumi na tisa yaliyo mkabala na bahari, ilipata mashine za kisasa za eksirei mwaka 2018 baada ya miaka mingi ya kobalti. Saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania ni ya shingo ya kizazi, na hiyo hutibiwa vizuri kwa eksirei za nje pamoja na mionzi inayowekwa ndani ya njia ya uzazi kwenyewe. Kwa mama huyo protoni haina la kuongeza. Anachohitaji ni mashine isiyolala kwa kukosa kipuri, umeme usiokatika, mwanafizikia aliyelipwa mshahara, na nauli ya kutoka Kigoma.

Kwa bei ya kituo kimoja kikubwa cha protoni, nchi inaweza kununua mashine nyingi za eksirei na kuzifikisha mikoani. Hesabu hiyo haina ubishi, na serikali yoyote ya ukanda huu itakayotangaza protoni kabla ya kumaliza foleni ya eksirei itakuwa inanunua sifa.

Hata hivyo hesabu ya wengi haimfuti mtoto mmoja. Chennai ilifungua kituo cha protoni Januari 2019, cha kwanza Asia ya Kusini, na taasisi ya umma ya Tata Memorial ikaanza kutibu karibu na Mumbai mwaka 2023. India tayari ni njia iliyozoeleka: kila mtaa wa Dar es Salaam, Mombasa na Unguja una mtu aliyekwenda au aliyechangiwa kwenda. Kinachokosekana ni utaratibu. Uingereza, kabla ya kuwa na mashine, ilikuwa na orodha iliyoandikwa ya magonjwa yanayostahili, jopo la madaktari wa kuamua, na fedha zilizotengwa kwa mtoto na mzazi wake kwa wiki zote za tiba. Orodha haigharimu saiklotroni. Wizara za afya za Afrika Mashariki zinaweza kukaa pamoja, kuandika vimbe chache za watoto na za chini ya fuvu ambazo protoni zina faida ya kweli, kukubaliana bei moja na hospitali moja au mbili za India, na kumlipia mtoto anayestahili bila kujali kama baba yake ana jina.

Na wewe unayesoma, ikiwa kuna kundi la WhatsApp limefunguliwa kwa ajili ya mgonjwa wenu na namba ya kuchangia imeshabandikwa, nendeni kwanza wawili watatu kwa daktari wa saratani na mmuulize: eksirei za hapa zitamdhuru wapi ambapo protoni hazingemdhuru? Akiwaonyesha kiungo kwenye picha, changeni hima. Asipokuwa na cha kuonyesha, mwacheni mgonjwa aanze tiba ya hapa wiki hii.